Mtoto Apewe Neno Lake

Wanafunzi wanne wa darasa la tatu wamesimama mbele ya ubao, kila mmoja ameshika kipande cha manila chenye neno moja. Ukiwasoma kutoka kushoto unapata: Kiti kile kikubwa kimevunjika. Mwalimu anamwambia wa kwanza akakae, kisha anamwita mwenzake mwenye kadi iliyoandikwa Mti. Watatu waliobaki wanatazamana. Mwenye "kile" anakimbilia mezani, anapekua rundo la kadi na kurudi na "ule". Mwenye "kikubwa" anarudi na "mkubwa". Wa mwisho anaokota "umevunjika". Sentensi imesimama tena. Mwalimu anabadilisha kwa mara nyingine, safari hii anaingia Gari, na hapo ndipo utamu unapoanza. "Lile" linapatikana haraka, "limevunjika" pia, lakini yule wa "mkubwa" anatafuta kadi ya "likubwa" mpaka anakata tamaa, kwa sababu kadi hiyo haipo. Anaokolewa na sauti kutoka dawati la nyuma: "Ni kubwa tu!"

Mchezo huo unahitaji karatasi mbili za manila, kalamu ya wino mzito na robo saa. Ndani ya robo saa hiyo mtoto ameona kwa macho na kushika kwa mikono jambo ambalo jedwali la ngeli ubaoni humpa kwa shida: kwamba nomino ikibadilika, sentensi nzima inaifuata, na kwamba zipo sehemu ambazo kanuni inakwenda kinyume na mazoea ya sikio. Hakuna aliyeambiwa akariri chochote. Wale waliobaki kwenye madawati, na katika shule nyingi za umma hao ni wengi, hawakukaa bure. Wao ndio walikuwa waamuzi.

Shughuli kama hiyo inastahili kuzungumzwa kwa uzito kwa sababu ni adimu. Katika madarasa mengi ya Afrika Mashariki, kipindi cha kuandika ni kipindi cha kunakili. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wanahamishia daftarini, madaftari yanakusanywa, yanawekewa alama ya vema, siku inakwisha. Mtoto anaweza kumaliza mwaka akiwa na mwandiko wa kupendeza na asiwe ameandika hata sentensi moja iliyotoka kichwani mwake. Kunakili kuna kazi yake: kunazoesha vidole, kunamfundisha mtoto kufuata mstari na kuacha nafasi kati ya neno na neno. Kwa mtoto wa darasa la awali hiyo ni kazi kubwa. Kwa mtoto wa miaka tisa ni kupotezewa wakati.

Tanzania ilishtuka mwaka 2012, pale ilipobainika kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao wakati huo ulikuwa wa kuchagua herufi ya jibu sahihi. Hata sehemu ya utungaji katika somo la Kiswahili, kwa miaka mingi, ilimpa mtahiniwa sentensi zilizovurugwa na kumtaka azipange kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mtoto aliweza kupata alama zote za utungaji bila kutunga kitu.

Mwaka uliofuata, 2013, wanafunzi wa darasa la pili walipimwa kitaifa uwezo wa kusoma Kiswahili. Kwa wastani walisoma maneno kama 18 kwa dakika, na waliosoma kwa ufahamu uliotarajiwa hawakufika mmoja kati ya kumi. Takwimu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. "Hawatatusaidia" ni neno moja, na ndani yake yumo mtenda, umo wakati, umo ukanushi na yumo anayetendewa. Kuhesabu maneno kwa dakika kwa kipimo cha lugha zenye maneno mafupi si kumtendea haki mtoto wa Kiswahili. Lakini hata baada ya kumtetea hivyo, maneno 18 ni machache mno. Mtoto anayesoma kwa mwendo huo anafika mwisho wa sentensi akiwa amesahau ilianzaje.

Hatua zilichukuliwa. Mwaka 2015 Tanzania ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuzitengea stadi hizo karibu asilimia 80 ya muda wa kufundishia. Mwaka huohuo Kenya ilianzisha mpango wa Tusome katika shule zake za msingi za umma, zaidi ya shule 20,000. Kila mtoto wa madarasa ya mwanzo alipata kitabu chake, mwalimu akapewa mwongozo wa somo kwa somo, na maofisa wa elimu wa kata wakaanza kuingia darasani wakiwa na vishikwambi, kumsikiliza mwalimu anavyofundisha na kumshauri papo hapo. Tathmini zilizofuata katika nchi zote mbili zilionyesha watoto wakijifunza zaidi kuliko waliowatangulia. Ni mafanikio ya kweli, na walioyafanyia kazi wanastahili kushukuriwa. Hata hivyo mjadala ulitawaliwa na kusoma. Kuandika, kwa maana ya mtoto kuweka wazo lake kwenye karatasi, kulibaki nyuma, na mpaka leo ndiko kunakohitaji msaada.

Kiswahili chenyewe ni lugha yenye huruma kwa anayeanza. Irabu ni tano na kila moja ina sauti moja. Silabi nyingi huishia na irabu, na mtoto akishajua ba, be, bi, bo, bu ameshika mlango wa maneno mengi. Walimu wa darasa la kwanza wanaojua kazi yao huutumia upole huo kwa michezo ya kadi. Andika "ta" kwenye kifuniko kimoja cha soda na "tu" kwenye kingine. Vikipangwa hivi unapata tatu; vikigeuzwa unapata tuta. "Ba" na "ti" vinatoa bati, vikigeuzwa vinatoa tiba. Lima inakuwa mali, kata inakuwa taka. Mtoto wa miaka saba akigundua mwenyewe kwamba mali imejificha ndani ya lima, atamwita jirani yake aje aone. Hapo vifuniko thelathini vilivyookotwa dukani vimefanya kazi ya kitabu kizima cha mazoezi.

Kupiga makofi nako kusidharauliwe. Mwalimu anatamka neno, darasa linapiga kofi moja kwa kila silabi: mwa-li-mu, makofi matatu, m-ku-li-ma, manne. Kisha anatega: "mbuzi". Wengine wanapiga matatu, wengine mawili. Ubishi unazuka, na ubishi huo una faida, kwa sababu sauti ya m mwanzoni mwa neno ndiyo inayowasumbua waandishi wadogo kuliko zote. Katika "mtu" m inasimama peke yake kama silabi. Katika "mbuzi" imeungana na b, na neno lina silabi mbili tu. Mtoto asiyesikia tofauti hiyo huandika "mutu", huandika "muti", na mwalimu mwenye haraka humwekea alama ya kosa na kuendelea. Lakini "mutu" ni ushahidi kwamba mtoto anasikiliza. Amesikia silabi, ameambiwa kila silabi ina irabu, akaiweka. Anachohitaji ni kofi moja la ziada, la mikono.

Imla imepata sifa mbaya, na baadhi ya wataalamu wa elimu wangependa ifutwe kabisa. Hilo lingekuwa kosa. Kinachochosha ni imla ya mwalimu kusimama mbele na kusoma orodha ya maneno kumi yasiyohusiana. Ipo namna nyingine, nayo ni imla ya kukimbia. Mwalimu anabandika maandishi mafupi kwenye ukuta wa nje ya darasa. Watoto wanakaa wawili wawili; mmoja ni mkimbiaji, mwingine ni mwandishi. Mkimbiaji anakwenda ukutani, anasoma, anabeba kichwani kiasi anachoweza, anarudi na kumtamkia mwenzake. Akisahau, anarudi tena. Nusu ya kazi ikiisha wanabadilishana.

Chukua maandishi haya: "Ng'ombe wa mjomba ameng'oa kigingi, ameingia shambani kwa jirani." Sentensi moja, lakini mwandishi analazimika kuchagua mara nne kati ya ng na ng'. Atakayeandika "ngombe" atasahihishwa na mkimbiaji wake kwa haraka kuliko mwalimu angeweza, kwa maana mkimbiaji ameiona ile alama ya juu na anajua ilikuwepo. Walio kwenye jozi wanasoma, wanakumbuka, wanatamka, wanasikiliza, wanaandika na kubishana juu ya tahajia. Darasa lina kelele, ni kweli, na mwalimu mkuu anayepita dirishani anapaswa kuambiwa mapema kwamba hiyo ni kelele ya kazi.

Kwa watoto waliokulia katika lugha isiyotenganisha l na r, mchezo huo unasaidia pia, mradi maandishi yachaguliwe kwa makusudi. Kura na kula, mahari na mahali: sentensi ikiwa na maana, mtoto anaona kwa nini herufi moja ina uzito. Ndivyo ilivyo pia kwa th na s: anayeandika "thamani ya nyumba" na anayeandika "samani za nyumba" hawasemi jambo moja. Wapo walimu wanaomcheka mtoto anapokosea sauti hizi, na darasa likacheka pamoja nao. Jambo hilo likomeshwe leo, kwa sababu mtoto aliyechekwa huacha kusema, na asiyesema darasani hana cha kuandika.

Hoja kubwa ni hiyo ya kusema. Kabla mtoto hajaandika, lazima awe amesema. Nchini New Zealand, mwalimu Sylvia Ashton-Warner alifundisha watoto wadogo wa Kimaori na kuona kwamba vitabu vya kusomea vilivyoletwa kutoka mbali haviwagusi. Akaanza kumwuliza kila mtoto, asubuhi, neno analolitaka siku hiyo. Aliliandika kwenye kadi nene, mtoto akaondoka nalo. Kesho yake, kadi ambayo mtoto hakuikumbuka ilitupwa bila lawama, maana halikuwa neno lake kweli. Yaliyokumbukwa kwa kutazamwa mara moja yalikuwa ya mapenzi na ya hofu: mama, baba, mzimu, busu. Alieleza kazi hiyo katika kitabu chake Teacher kilichotoka mwaka 1963.

Mtu anaweza kujiuliza watoto wa Kigoma, Kilifi au Bujumbura wangeomba maneno gani. Pengine mpira, pikipiki, bibi, mamba, pilau, Simba au Yanga. Kila neno kati ya hayo lina silabi za kufundishia. Mwalimu akianza somo la "pi" na "ki" kwa pikipiki, hana haja ya kumbembeleza mtu asome.

Toka neno, nenda sentensi. Mbinu inayofuata ni rahisi, na walimu wengi huifanya bila kuipa jina. Asubuhi, baada ya "Shikamoo mwalimu" na "Marahaba", mtoto mmoja anasimama na kutoa habari yake: "Jana baba amekuja na kuku wawili kutoka Singida. Mmoja alitoroka kwenye basi." Mwalimu anaiandika ubaoni kama ilivyosemwa, kwa maneno ya mtoto. Darasa linaisoma. Wanatafuta pamoja neno la kurekebisha; labda wanakubaliana kwamba kwa kuwa ni jana, "alikuja" itakaa vizuri zaidi. Kisha kila mmoja anaongeza sentensi yake moja daftarini: kuku yule alikwenda wapi? Hapo ndipo kunakili kunapogeuka kuwa kuandika. Sentensi mbili za ubaoni ni za wote, ya tatu ni ya mtoto mwenyewe. Katika darasa la watoto 80 zitapatikana sentensi 80 kuhusu kuku mmoja, na haiwezekani zote zifanane.

Aliyelifikisha jambo hili mbali kuliko wengi alikuwa Mfaransa Célestin Freinet. Alizaliwa mwaka 1896, akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia na kujeruhiwa pafu. Mwaka 1920 alipoanza kufundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, kusini mwa Ufaransa, hakuwa na pumzi ya kuhutubia darasa siku nzima. Udhaifu huo ulimlazimisha kutafuta njia nyingine. Aliwatoa watoto nje, wakatembea kijijini, wakawaona mafundi na wakulima kazini, wakarudi na kuandika waliyoyaona. Mwaka 1924 alileta darasani mashine ndogo ya kuchapisha. Watoto walichagua habari bora ya siku, wakaisahihisha pamoja, wakapanga herufi za risasi moja moja na kuchapa nakala. Anayepanga herufi kwa mkono hawezi kuruka hata moja. Tahajia ilikuwa ndani ya vidole vyao.

Kurasa hizo zilipata wasomaji. Mwalimu mwenzake, René Daniel, alikuwa akifundisha Trégunc, katika jimbo la Brittany, upande wa pili wa nchi kwenye pwani ya Atlantiki. Kuanzia mwaka 1926 madarasa hayo mawili yakawa yanatumiana maandishi. Watoto wa milimani walilazimika kueleza mambo yao kwa wenzao wa baharini wasiowahi kuyaona, na wale vivyo hivyo. Freinet hakuwahi kuwa tajiri, na mamlaka zilimsumbua mpaka akaacha utumishi wa serikali na kufungua shule yake huko Vence mwaka 1935. Lakini mtandao wa walimu aliouanzisha upo mpaka leo katika nchi nyingi.

Mashine ya kuchapisha haihitajiki tena ili kufanya alichofanya. Shule moja ya Ukerewe na shule moja ya Lushoto zinaweza kuandikiana barua mara mbili kwa muhula, kwa bahasha moja kubwa inayobeba barua za darasa zima. Mtoto wa Ukerewe ataeleza dagaa wanavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa asubuhi. Mwenzake atauliza: Hawaibiwi na ndege? Mnawageuza mara ngapi? Maswali hayo yana nguvu kuliko wino mwekundu, kwa sababu yanamwonyesha mwandishi pale alipoacha pengo. Na barua ina adabu zake ambazo Kiswahili kimezitunza vizuri: kumwamkia mtu, kumjulia hali yeye na walio kwake, kusema lililokuleta, kuaga. Mtoto akizijua kwa kuzitumia hatahitaji kuzikariri kwa ajili ya mtihani.

Mtihani, kwa kweli, ndio uliowapotosha wengi. Kenya ilikuwa na karatasi ya Insha katika KCPE, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, mpaka ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kuwepo kwa karatasi hiyo kulikuwa jambo jema. Kulilazimisha shule kufundisha utungaji. Lakini shule nyingi zilitafuta njia ya mkato. Watoto walikaririshwa mianzo ya insha, orodha za methali na tamathali za kupamba, wakazimwaga kwenye mada yoyote iliyotokea. Mtoto wa Eastleigh aliandika kwamba aliamshwa na jogoo huku ndege wakiimba matawini, ilhali kila siku huamshwa na honi za matatu. Insha yenye honi za matatu ingekuwa bora mara nyingi zaidi, na mwalimu angeisoma kwa furaha. Mtihani wa gredi ya 6, KPSEA, ulipoanza mwaka 2022, ulikuwa wa kuchagua majibu, na kuandika kukabaki mikononi mwa mwalimu wa darasa. Huo ni uhuru mkubwa ukitumiwa vizuri, na ni hasara kubwa ukipuuzwa.

Utumiwe vipi? Mfano mmoja tu utatosha kueleza kwa kirefu. Watoto wa darasa la nne wanaambiwa waandike namna ya kucheza mdako, kwa mtu ambaye hajawahi kuuona. Wote wanaujua mdako. Wote wanadhani kazi ni nyepesi. Wanaandika: Chimba shimo. Weka mawe. Rusha jiwe, toa mengine. Kisha mwalimu anawatoa nje, anawagawa jozi jozi, na kila jozi inapewa karatasi ya jozi nyingine pamoja na amri moja: fanyeni kilichoandikwa tu, msiongeze chochote. Shimo linachimbwa, lakini kubwa kiasi gani? Mawe yanawekwa, mangapi? Jiwe linarushwa, na kwa kuwa karatasi haikusema lidakwe, linaachwa lianguke. Waandishi wanapiga kelele kutoka pembeni, "Unalidaka! Unalidaka!", na mwalimu anawauliza wameliandika wapi. Wanarudi ndani na kuandika upya bila kulazimishwa. Wanaongeza "kabla halijaanguka", "kwa mkono uleule", "kisha rudisha mawe shimoni, ubakize moja nje". Hayo ni maneno ya mfuatano na ya masharti ambayo vitabu vya sarufi hutumia sura nzima kuyafundisha. Mchezo wa rede au kombolela utafanya kazi hiyohiyo.

Vitendawili vinafaa kwa njia inayokaribiana na hiyo. Mwalimu akisema "Kitendawili!" darasa zima litajibu "Tega!" bila kufundishwa. Baada ya kutegua vichache vya wazee, watoto wanatunga vyao: wanachagua kitu kimoja kilichomo darasani au nyumbani, wanaandika sentensi tatu kukieleza bila kukitaja, na wenzao wanakisia. Hilo ni zoezi la maelezo, gumu kweli, lililovaa nguo za mchezo. Kazi ya nyumbani ikiwa ni kumwuliza bibi au babu kitendawili kimoja ambacho mwalimu hakijui, daftari litarudi na maneno ambayo hata walimu hawajayasikia, na bibi atakuwa amehusika na masomo ya mjukuu wake hata kama yeye hakwenda shule.

Hapa mwalimu atauliza swali la haki: nani atasahihisha? Elimu bila ada ilipotangazwa Tanzania na kuanza kutekelezwa mwaka 2016, madarasa ya kwanza yalifurika, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Madaftari 90 kila siku hayasomeki. Basi yasisomwe 90. Madaftari kumi kwa siku, kwa zamu, yakisomwa kweli, yanamfaa mtoto kuliko tisini yaliyowekewa alama bila kutazamwa. Na kila mara achague makosa ya aina moja au mbili, leo herufi kubwa na nukta, wiki ijayo l na r, na kwanza aandike chini ya kazi neno moja linalohusu kilichosemwa: "Kuku alipatikana?" Mtoto aliyeulizwa hivyo na mwalimu atajibu kwa maandishi kesho yake. Ukurasa uliojaa wino mwekundu unamfundisha jambo moja tu, kwamba ni salama zaidi kuandika kidogo.

Kuna wanaotumaini mashine itaziba pengo la walimu. Jaribio moja kubwa lilifanyika mkoani Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 2,700 wa vijiji kama 170, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu. Mwanzoni zaidi ya tisa kati ya kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mei 2019 programu mbili, onebillion na Kitkit School, ziligawana zawadi ya dola milioni 10. Kwa watoto ambao hawakuwa na shule kabisa, matokeo hayo si madogo. Lakini kati ya watoto hao, wengi sana walimaliza miezi yote hiyo bila kuweza kusoma neno. Na hakuna kishikwambi kilichomwuliza mmoja wao kuku aliyetoroka alikwenda wapi kwa sababu kilitaka kujua.

Kinachohitajika kipo ndani ya uwezo wa shule ya kawaida. Kamati ya shule inaweza kutenga fedha za manila, gundi na bahasha kila muhula, na kuacha ukuta mmoja wa kila darasa uwe wa maandishi ya watoto wenyewe, yabadilishwe kila wiki mbili. Mwalimu mkuu anaweza kukagua daftari akitafuta sentensi ambayo haipo ubaoni. Maofisa elimu wanapotembelea shule waombe kusomewa kazi ya mtoto, na mtoto mwenyewe ndiye asome. Mzazi naye ana sehemu yake. Jumatatu jioni, mtoto akirudi, amwombe daftari la Kiswahili na kumwuliza ni lipi humo aliloliandika yeye, halafu akae amsikilize akilisoma. Akikuta yote yamenakiliwa, aende shuleni kwa heshima akazungumze na mwalimu, na akiweza asiende mikono mitupu: ampelekee karatasi chache za manila.